Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kutengeneza Slaidi na Kuziwasilisha Mbele ya Watu

Maswali haya nimeyakusanya kwenye darasa la Jumamosi ninalofundisha katikati ya jiji la Nairobi. Wanaokuja ni mchanganyiko: mhasibu wa sacco, mwalimu wa shule ya msingi, kijana anayetafuta mtaji, mama anayesomea chama chake hesabu kila Desemba. Kazi zao ni mbalimbali, ila maswali yao hufanana kama mapacha. Nimeyapanga kuanzia yale ya mwanzo kabisa hadi yale ninayoulizwa mlangoni, watu wakiwa wameshabeba mikoba yao.

## Kabla ya kuwasha laptopu

Slaidi ni kitu gani hasa, na ina tofauti gani na ripoti?

Ripoti husomwa na mtu aliyekaa peke yake, na akipotea anarudi ukurasa wa nyuma. Slaidi hutazamwa na mtu ambaye wakati huohuo anakusikiliza wewe, na akipotea hana pa kurudi. Karibu majibu yote yaliyo hapa chini yanatokana na tofauti hiyo moja.

Jina lenyewe linatoka kwenye vipande vidogo vya filamu vilivyowekwa kwenye fremu na kumulikwa ukutani, kimoja baada ya kingine. Kila kipande kilikuwa picha, na mtu alisimama kando kuieleza. Programu ya PowerPoint ilitoka mwaka 1987 ikiwa ya kompyuta za Macintosh pekee, na mwaka huohuo Microsoft wakainunua kampuni iliyoiunda, Forethought, kwa dola milioni 14. Kuandika juu ya slaidi kukawa rahisi kuliko kutafuta picha, na hapo ndipo tulipoanza kubandika ripoti nzima ukutani.

Nianzie wapi?

Anzia kwenye karatasi. Andika sentensi moja: nikimaliza kuongea, nataka watu hawa wafanye nini? Sentensi hiyo iwe na kitenzi na, ikiwezekana, tarakimu. "Nataka wanachama wakubali kupandisha mchango wa mwezi kutoka shilingi 2,000 hadi 3,000" inatosha. "Kuzungumzia hali ya chama" haitoshi, kwa sababu hata wewe hutajua ukimaliza kama umefaulu.

Kisha jiulize ni nani atakayepinga, na kwa nini. Kwenye chama mara nyingi ni yule aliyewahi kudhulumiwa na mweka hazina wa chama kingine, au yule ambaye biashara yake imelala. Mambo wanayohitaji kusikia ili wakubali ndiyo slaidi zako. Yaandike kwenye vipande vya karatasi, kimoja kwa jambo moja, uvitandaze mezani na kuvihamisha hadi mfuatano ukae. Kwenye kompyuta kazi hii huchukua mara mbili ya muda, maana utaanza kuchagua rangi.

Slaidi ngapi zinatosha kwa dakika ishirini?

Hakuna idadi. Guy Kawasaki, aliyekuwa akisikiliza watu wakiomba mtaji kule Marekani, alipendekeza slaidi 10, dakika 20 na herufi zisizopungua pointi 30. Kwa upande mwingine upo mtindo wa PechaKucha ulioanzia Tokyo mwaka 2003: slaidi 20, kila moja sekunde 20, jumla dakika 6 na sekunde 40. Yote mawili hufanya kazi, kwa sababu walioyabuni walihesabu dakika kwanza.

Ushauri wangu: ukipewa dakika ishirini, andaa za kumi na tano. Sababu iko kwenye jibu la muda kukatwa, sehemu ya tatu.

Lazima ninunue PowerPoint?

La. PowerPoint ya mtandaoni ni ya bure ukiwa na akaunti ya Microsoft, na Google Slides ni ya bure ukiwa na akaunti ya Google. LibreOffice Impress ni ya bure na haihitaji intaneti hata kidogo ukishaipakua, jambo ambalo mtu wa bando la siku ataliheshimu. Canva ina violezo vya kupendeza, ila ni kazi ya mtandaoni, kwa hiyo pakua faili yako mapema.

Angalizo moja tu: tengeneza na uwasilishe kwa programu ileile. Faili ya Canva iliyofunguliwa kwenye PowerPoint, au ya Keynote (programu ya slaidi ya Apple) iliyofunguliwa kwenye kompyuta ya ukumbi, hubadilika sura. Fonti inabadilishwa na maneno yanatoka nje ya mstari. Ukilazimika kuhama, hifadhi nakala ya PDF. Haitakuwa na miondoko, lakini itabaki jinsi ulivyoipanga.

Slaidi ziwe kwa Kiswahili, Kiingereza, au zote mbili?

Swali hili huulizwa Nairobi kuliko kwingine kokote, na ni swali la maana. Ofisini barua pepe huja kwa Kiingereza, kwenye korido watu huongea Kiswahili, na wanaokaa nyuma wananong'ona kwa Sheng. Kanuni yangu ni kwamba ukuta uwe na lugha moja, mdomo uwe huru. Chagua lugha ambayo mtu mwenye elimu ndogo kuliko wote chumbani anaisoma bila kukunja uso, uandike slaidi zote kwa hiyo. Ukiongea, changanya unavyochanganya siku zote.

Usiandike lugha mbili kwenye slaidi moja, Kiingereza juu na tafsiri chini. Maandishi yanakuwa maradufu, herufi zinapungua nusu, na macho ya watu yanaruka juu na chini kulinganisha tafsiri badala ya kukusikiliza. Nimewahi kuona mjadala wa robo saa kuhusu kama "uwajibikaji" ndilo neno sahihi, huku bajeti iliyokuwa chini yake ikisahaulika.

Istilahi ziache zilivyo midomoni mwa wasikilizaji wako. Kama wafanyakazi wanasema "oda" na "risiti", usiwaletee maneno ya kamusi siku hiyo. Na zile nyaya nyekundu za tahajia chini ya kila neno la Kiswahili zitoke: chagua maandishi yote, nenda kwenye mpangilio wa lugha ya ukaguzi, uweke alama ya kutokagua tahajia. Zima pia usahihishaji wa papo kwa papo, usije ukabadilishiwa neno nyuma ya mgongo wako.

## Kutengeneza slaidi zenyewe

Maneno mangapi yatoshe kwenye slaidi moja?

Machache kuliko unavyotaka. Binadamu hawezi kusoma sentensi moja na kusikiliza nyingine kwa wakati mmoja. Atachagua, na mara nyingi atachagua kusoma. Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, alifanya majaribio kwa miaka mingi kuhusu jinsi watu wanavyojifunza kwa maneno na picha. Matokeo yake yanalingana na anachokijua kila mwalimu: picha na sauti husaidiana, lakini maandishi yanayorudia sauti ileile hugongana nayo.

Jipime hivi. Onyesha slaidi, nyamaza, uisome kimoyomoyo. Ukichukua zaidi ya sekunde nne au tano, kata. Yale unayoyakata hayapotei, yanahamia kwenye nafasi ya vidokezo chini ya slaidi, ambayo wewe unaiona na wao hawaioni.

"Lakini mwalimu, nisipoyaandika nitayasahau." Hilo ni jambo jingine, na ni la haki. Tazama jibu la kukariri. Ila slaidi ni ya waliokaa. Ukiigeuza kuwa kumbukumbu yako utakuwa umewaalika watu waje kukutazama ukisoma.

Kichwa cha slaidi kiandikweje?

Kiandike kama sentensi inayosema jambo. "Hali ya Wateja" ni jina la folda. "Tumewapoteza wateja 40 tangu Machi" ni habari. Mtu akiingia amechelewa kwa sababu ya foleni ya Waiyaki Way, akisoma vichwa peke yake anapaswa kuipata hoja.

Kiswahili kinatubeba hapa kuliko tunavyokithamini. Kitenzi chetu kina mtendaji, wakati na mtendwa ndani yake; "tumewapoteza" ni neno moja na ni sentensi kamili. Kwa hiyo kichwa chenye kauli hakilazimiki kuwa kirefu. Tatizo letu ni mazoea ya majina: "Utekelezaji wa Uboreshaji wa Utoaji wa Huduma". Ukiona "u" tatu zimefuatana kwenye kichwa, tafuta kitenzi kilichofichwa humo ukitoe nje.

Kichwa kibaya kinaweza kugharimu zaidi ya usingizi wa wasikilizaji. Mwaka 2003, chombo cha anga cha Columbia kilipokuwa bado angani, wahandisi walichambua athari za kipande cha povu kilichogonga bawa lake wakati wa kuruka, wakaeleza uchambuzi wao kwa slaidi. Kichwa cha slaidi moja kilituliza moyo. Mstari wa mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, ulionyesha kwamba kipande kile kilikuwa kikubwa mara 640 kuliko vile vilivyotumika kwenye majaribio waliyoyategemea. Tarehe 1 Februari chombo kilisambaratika kikirudi duniani, na wanaanga wote saba wakafa. Sababu zilikuwa nyingi, lakini tume ya uchunguzi iliona haja ya kuandika kuhusu slaidi hiyo na desturi ya kutumia slaidi pale panapohitaji ripoti ya kitaalamu. Mimi huikumbuka kila ninapoona jambo zito limewekwa kwenye nukta ya sita.

Herufi ziwe na ukubwa gani, na fonti ipi?

Fonti yoyote iliyonyooka: Arial, Calibri, Verdana. Usitumie zaidi ya mbili. Ukubwa hutegemea chumba, na chumba kinapimika.

Gawanya umbali wa kiti cha mwisho kwa upana wa skrini. Kama mtu wa nyuma yuko mita 14 kutoka kwenye skrini yenye upana wa mita 2, jibu ni 7. Laptopu ya inchi 14 ina upana wa skrini wa takribani sentimita 31. Zidisha kwa 7, upate kama mita 2.2. Iweke laptopu mezani, rudi nyuma mita hizo mbili na kidogo, ujaribu kusoma. Unachokiona hapo ndicho atakachokiona yeye. Ukijikuta unaegemea mbele, ongeza herufi au punguza maneno. Na usidiriki kusema "najua waliokaa nyuma hawaoni hii, lakini..." Ukijua hawaoni, umeileta ya nini?

Rangi gani zinafaa?

Projekta hutoa mwanga tu, haina uwezo wa kutoa weusi. Sehemu "nyeusi" ya slaidi ni ukuta wenyewe usiomulikwa. Kwa hiyo kwenye chumba chenye madirisha makubwa na mapazia mepesi, saa nne asubuhi, mandhari yako ya rangi ya bluu nzito itageuka kijivu na herufi zako za njano zitapotea. Chumba chenye mwanga kinataka mandhari meupe na herufi nyeusi au za bluu iliyokolea. Chumba cha giza, au televisheni kubwa, ndipo mandhari meusi yanapopendeza.

Viwango vya kimataifa vya upatikanaji wa maandishi vinataka tofauti ya mwangaza kati ya herufi na mandhari isipungue 4.5 kwa 1, au 3 kwa 1 kwa herufi kubwa. Zipo tovuti za bure za kupima. Na usitegemee nyekundu na kijani pekee kutofautisha hasara na faida, kwani wapo wanaume wengi kuliko unavyodhani wasiozitofautisha. Ongeza neno, au alama ya kujumlisha na kutoa.

Nitumie chati gani?

Ile inayojibu swali moja haraka. Mabadiliko ya muda: mstari. Kulinganisha vitu: mihimili. Sehemu za kitu kizima: duara, ikiwa sehemu hazizidi tatu au nne. Chati zenye pande tatu kama matofali ziache. Zinapotosha vipimo na hazimsaidii yeyote.

Chukua mfano wa jiji letu. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu 3,138,369 Nairobi. Ile ya 2019 ikahesabu 4,397,073. Ukizileta namba hizo kwa tarakimu zake zote saba kwenye jedwali, watu watahangaika kutoa moja kwa nyingine kichwani. Leta mihimili miwili, andika juu yake 3.1 na 4.4 milioni, na kichwa kiseme: "Nairobi imeongeza watu milioni 1.26 kwa miaka 10." Ni ongezeko la asilimia 40.

Sasa mtego. Ukikianzisha kipimo cha wima cha chati kwenye milioni 3 badala ya sifuri, mhimili wa 2019 utaonekana mrefu karibu mara kumi ya ule wa 2009. Namba ni zilezile, ila picha inadanganya. Programu nyingine huanzia juu ya sifuri zenyewe bila kukuuliza, kwa hiyo kagua. Nilimwona mtu akinyimwa ruzuku kwa kosa hili: mfadhili alidhani ametapeliwa, kumbe ni mpangilio wa kompyuta ambao mwenyewe hakuutazama.

Picha nizitoe wapi bila kuingia matatani?

Kupatikana kwenye Google hakumaanishi ni ya bure. Kenya ina sheria ya hakimiliki, na picha ni mali ya aliyeipiga. Tafuta kwenye Wikimedia Commons, Unsplash au Pexels, usome masharti, umtaje mpigaji panapotakiwa. Bora zaidi, piga yako kwa simu. Picha ya duka lenyewe la Gikomba itakubeba kuliko ile ya watu weupe wakishikana mikono mbele ya dirisha la kioo.

Ukipiga watu, waombe ruhusa. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, picha inayomtambulisha mtu ni data yake binafsi, na kwa watoto idhini inatoka kwa mzazi au mlezi. Mashirika yanayopenda kuonyesha nyuso za watoto wa mitaa ya mabanda yalione hili mara mbili.

Na miondoko, zile herufi zinazoruka?

Tumia "tokea" pekee, ili hatua za mchoro zije moja moja. Zilizobaki zote waachie wapangaji wa harusi.

Kampuni yetu ina kiolezo chenye nembo kila slaidi. Nifanyeje?

Kitumie, si vita ya kupigana. Ila omba nembo kubwa ibaki slaidi ya kwanza na ya mwisho. Wasikilizaji hawatasahau katikati ya dakika ishirini ni nani aliyewaalika.

## Ukishasimama

Natetemeka na ulimi unakauka. Dawa ni nini?

Hakuna anayepona kabisa, mimi nikiwemo. Kinachosaidia ni kuijua sentensi ya kwanza na ya mwisho kama jina lako, maana woga hushika zaidi dakika ya kwanza. Fika mapema, simama pale utakaposimama, usalimiane na wawili watatu kwa majina. Wakati wa kuanza hutaongea na umati wa wageni, utaongea na Baba Njeri na yule dada wa mapokezi.

Halafu fanya mazoezi kwa sauti, umesimama, ukibonyeza slaidi. Kupitia slaidi kimya kitandani si mazoezi. Kuna vilabu vya Toastmasters jijini ambako watu hukutana kuzoea jambo hili tu, na mgeni hukaribishwa kutazama.

Nikariri au nisome?

Wala hili wala lile. Anayekariri akikatizwa anapotea, na anayesoma hutoa mgongo. Jifunze mpangilio, yaani kutoka slaidi hii naenda ipi, na kwa sababu gani. Ukiijua sababu, maneno yatakuja yenyewe, kila mara tofauti kidogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Mwonekano wa mtoa mada kwenye PowerPoint au Google Slides hukuonyesha vidokezo, slaidi inayofuata na saa kwenye laptopu yako, huku ukutani ikionekana slaidi peke yake. Watu hufundisha mwaka mzima bila kujua upo.

Salamu na itifaki nizichukulieje? Naweza kuziruka?

Huwezi kuziruka, lakini unaweza kuzifupisha. Kama chumbani yupo chifu, mchungaji, mkurugenzi na mgeni rasmi, watambue kwa cheo kwa mpangilio aliokupa MC, useme "itifaki imezingatiwa", uingie kazini. Sekunde thelathini. Usiwe na slaidi ya itifaki. Na usianze kwa kuomba radhi kwamba hukujiandaa vizuri. Kama ni kweli wataona wenyewe.

Nimepewa dakika ishirini, halafu MC ananong'ona nibaki na tano. Nifanye nini?

Hili litakupata. Mkutano ulipangwa kuanza saa tatu, umeanza saa nne na robo, sala imekuwa ndefu, mgeni rasmi amesimulia maisha yake, na chakula kiko tayari. Anayekatwa ni aliye katikati ya ratiba, na huyo ni wewe.

Kosa la kawaida ni kukimbiza slaidi zote kwa kasi ya redio ya mpira. Watu wanaona rangi zikipita na wanatoka na kichefuchefu. Badala yake, jua mapema slaidi zako tatu: tatizo, ushahidi mmoja, ombi. Andika namba zake kwenye kipande cha karatasi. Kwenye PowerPoint na Google Slides, ukiwa unaonyesha, bonyeza namba ya slaidi kisha Enter, unaruka moja kwa moja bila mtu kuona ulichoruka. Sema "nitawapa jambo moja", uwape hilo, ukae. Nimeshuhudia dakika tano za namna hiyo zikipata kura ambazo ishirini zisingepata, na waliobaki na njaa walipiga makofi kwa moyo mkunjufu.

Kinyume chake hutokea pia. Mwenzako hajafika na unaombwa uongeze muda. Usiongeze slaidi, fungua maswali.

Mtu akinikatiza katikati?

Jibu kama ni ufafanuzi. Kama ni hoja ya kutaka mjadala, iandike mahali wote wanakoiona na umwahidi saa. Kama anayekatiza ni bosi, jibu tu. Bonyeza herufi B kwanza: skrini inakuwa nyeusi, macho yote yanarudi kwenu wawili, kisha B tena na slaidi inarudi. Herufi W hufanya vivyo hivyo kwa weupe.

## Vifaa na ukumbi

Nibebe kebo gani?

Kumbi nyingi zina HDMI, za zamani zina VGA, na laptopu mpya mara nyingi zina USB-C pekee. Beba adapta yako. Luthuli Avenue zimejaa, ila ijaribu dukani kabla ya kulipa. Beba pia waya wa umeme wa kurefusha, maana soketi ya ukumbi huwa upande ambao projekta haiko. Faili iwe sehemu tatu: laptopu, flashi, na barua pepe yako.

Mimi nilijifunza kwa aibu. Nilialikwa hoteli moja jijini, nikaambiwa kila kitu kipo. Kilikuwepo kweli, ila projekta ilitaka VGA nami nilikuwa na HDMI. Fundi alikwenda kutafuta adapta akarudi baada ya dakika arobaini, na kwa muda huo wote nilizungumza bila slaidi. Baadaye mtu akaniambia ile ndiyo sehemu aliyoielewa. Sijaamua hadi leo kama lilikuwa pongezi.

Ukiunganisha na kuona ukutani hakuna kitu, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, uchague kunakili au kupanua skrini.

Stima ikipotea?

Endelea kuongea. Laptopu ina betri, wewe una sauti. Projekta ya taa ya zamani ikizimika ghafla inaweza kuhitaji dakika kadhaa kupoa kabla ya kuwaka tena, kwa hiyo hata stima ikirudi usisimame kuisubiri. Waliochapisha slaidi zao muhimu kwenye karatasi moja hutabasamu siku hiyo.

Video yangu haitoi sauti.

HDMI hubeba sauti hadi kwenye projekta, ambayo spika yake ni ndogo kama ya simu. VGA haibebi sauti kabisa. Unganisha laptopu na mitambo ya ukumbi, ujaribu kabla watu hawajaingia. Na video iwe ndani ya faili au kwenye laptopu, isitegemee YouTube na Wi-Fi ya wageni.

## Hali za pekee

Nikiwasilisha kwa Zoom au Google Meet, kuna kinachobadilika?

Herufi ziwe kubwa zaidi, kwani wapo wanaotazama kwa simu ndani ya matatu. Badilisha slaidi mara nyingi zaidi, maana huoni nyuso na hao hawaoni mikono yako. Ukishiriki video, weka alama ya kushiriki sauti. Zima arifa za WhatsApp kabla. Siku moja ujumbe wa mwenye nyumba kuhusu kodi ulipita juu ya bajeti ya mtu, nasi sote tukajifanya hatukusoma.

Watu wanasema "tutumie slaidi." Zikiwa tupu hivyo zitawasaidia nini?

Hazitawasaidia, na hazikutengenezwa kwa ajili hiyo. Andika kurasa mbili za maelezo, uzitume kama PDF. Njia ya mkato ni kuchapa slaidi pamoja na vidokezo vyake, mradi uliviandika kwa sentensi zinazoeleweka.

Msimamizi wangu wa tasnifu anataka slaidi zilizojaa. Nimtii nani?

Yeye. Utetezi wa tasnifu una desturi zake, na jopo linataka kuona mbinu, sampuli na majedwali. Fuata muundo wa idara, ila bado unaweza kuandika vichwa vyenye kauli, na majedwali makubwa uyaweke baada ya slaidi ya shukrani, tayari kuyarukia ukiulizwa kwa ile mbinu ya namba na Enter.

Akili mnemba inaweza kunitengenezea slaidi?

Inaweza kukupa rasimu na mpangilio. Haimjui yule mwanachama aliyedhulumiwa, na hutunga takwimu kwa uso mkavu. Kagua kila namba. Kiswahili chake kisome kwa sauti. Kinapokwama mdomoni, kiandike upya.

Kuna kiziwi au asiyeona kwenye hadhira.

Lugha ya Ishara ya Kenya ni mojawapo ya lugha rasmi za Bunge chini ya Katiba ya 2010, kwa hiyo mkalimani si hisani. Mpe slaidi siku moja kabla, na uache sekunde mbili baada ya kuonyesha chati, kwani kiziwi hawezi kumtazama mkalimani na ukuta pamoja. Kwa asiyeona, sema kilichopo: "mhimili wa pili ni mrefu kuliko wa kwanza kwa karibu nusu", badala ya "kama mnavyoona hapa".

Na kama hakuna projekta kabisa?

Nunua karatasi tano za manila na kalamu mbili za wino mzito, nyeusi na nyekundu. Karatasi moja, kauli moja, mchoro mmoja. Zibandike ukutani kwa gundi ya utepe kadiri unavyoongea, kutoka kushoto kwenda kulia, na usizitoe. Mtu akiuliza kuhusu jambo la mwanzo, tembea hadi hapo uguse.